Mtali Uliolika kwa Nje

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu mazito upande wa bara, na nguo zilizoanikwa jana bado mbichi kwenye kamba.

Bi Kuluthum alikuwa amekaa mkekani, nyumbani kwake Kisauni, na mitali miwili, bangili za miguuni, mapajani. Chai ilikuwa imepoa pembeni. Mtali mmoja ulikuwa mweupe wote. Wa pili ulikuwa mweupe pia, ila ubavuni ulikuwa na doa la manjano, dogo kama ukucha wa kidole gumba.

Kuluthum ni mjane, hushona madira, lakini mtaani anajulikana zaidi kwa sanduku lake la mapambo ya zamani: vikuku, vipuli, pete nzito ambazo leo hakuna anayezivaa. Akiletewa kitu hakisifu wala hakikatai. Hukisugua kiganjani mpaka kipate moto, kisha hukinusa, maana shaba hunuka kama sarafu iliyoshikwa na mkono wa jasho. Hukigonga kwa kijiko asikilize mlio. Hutazama bawaba na pembe, mahali ambapo fedha ya kuchovya huchoka kwanza. Sumaku anayo, lakini haitegemei. Hukamata chuma tu, na bandia nyingi si za chuma. Hizo bandia hazitupi. Ana mkebe wa biskuti wa kuziwekea, na wageni wakija huutoa huo kwanza. Mapambo ya kioo na bati yanayotoka kwenye marobota ya mitumba huyapenda vilevile, mradi yasijidai fedha.

Mitali ile ndiyo iliyokuwa heshima ya sanduku. Aliinunua Likoni miaka mingi nyuma, kwa jamaa za bibi mmoja aliyefariki, na tangu hapo kila binti wa ukoo akiolewa huja kuiazima. Safari hii ilikwenda Frere Town kwa wifi yake Ibtihal, akapambwa nayo Afrah, bintiye Ibtihal. Jana ikarudi kama ilivyo ada, imefungwa kwenye leso, imefukizwa udi, na sahani ya halua juu yake. Ila wanawake wa kule walikuwa wamezidisha wema. Waliisugua kwa ukwaju mpaka weusi wa miaka yote ukatoka, na weusi ulipotoka manjano yakaonekana.

Kuluthum aliusugua mtali, akaunusa. Shaba. Akaunusa tena, kama mtu anayetaka pua imdanganye. Basi mtali wake umebadilishwa harusini.

Akampigia wifi yake simu. Neno wizi hakulitaja. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, leso ile ilikuwa mikononi mwa nani kabla ya kurudishwa. Ibtihal akamkatiza.

"Katika nyumba yangu, Kuluthum?"

Akasema kesho asubuhi atakuja na kila mwanamke aliyeishika mitali hiyo, awapange mlangoni, Kuluthum awaulize mwenyewe. Akakata simu, na alipopigiwa tena hakupokea. Kuluthum akajua kwamba ikifika kesho, watu wakipangwa mlangoni, hana wifi tena.

Adhuhuri alikuja Kache, jirani yake, kuchukua dira lake. Kache huuza viatu vya mitumba soko la Kongowea, na siku za mvua haendi, kwa sababu hakuna anayetaka kujaribu kiatu katika tope. Alipoona sura ya mwenzake aliketi bila kukaribishwa, akasimuliwa yote. Akauliza kama mtali ule ulikuwa fedha siku uliponunuliwa. Kuluthum akasema aliupima mwenyewe.

"Yote miwili?"

Kuluthum akaigeuza mitali mapajani. "Nilipima mmoja. Pea ni pea."

Kache akacheka mpaka akashika goti. "Shoga, mimi kiatu kimoja kikiwa kizuri, ndipo namtazama mwenziwe kwa jicho baya."

Akajimiminia chai, akawa anaeleza huku anakunywa kwamba katika robota viatu hutengana, na yeye huvikutanisha kwa kutazama soli, maana viatu vya mguu wa mtu mmoja hulika kwa namna moja. Alikuwa anazungumza tu. Kuluthum alikuwa ameshaacha kumsikiliza.

Aliushika mtali wa fedha, akaupitishia kidole kwa nje. Mahali pamoja palikuwa bapa. Akaushika wa shaba. Pale penye manjano palikuwa bapa pia. Akaiweka mkekani kama ikaavyo miguuni, ubavu kwa ubavu, na mabapa yale mawili yakakutana sawasawa. Akatwaa kioo chake cha kukuzia. Hapakuwa na alama ya tupa, ila mikwaruzo midogo isiyo na mpango, iliyokwenda kila upande.

Mitali hiyo ilikuwa imegongana miguuni mwa mtu mmoja kwa miaka. Hakuna aliyebadilisha kitu harusini. Bibi wa Likoni alipoteza mmoja, sonara akamtengenezea mwingine wa shaba, akauchovya fedha.

Aliupoteza wapi? Mumewe alijua? Kuluthum aligonga mtali wa fedha kwa kijiko, mlio ukakaa. Akagonga wa shaba, mlio ukakatika. Bibi yule aliusikia uwongo wake kila hatua, na akaendelea kuvaa.

"Huyu sasa anaenda mkebeni?" Kache akauliza.

"Atakaa na mwenziwe."

"Na wifi yako?"

Kuluthum akaitazama simu. Kache akamwambia aiache hapo hapo ilipo. Simu imeshafanya kazi yake.

Jumapili asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kuluthum, ambaye hakuwahi kujivika pambo lolote la sanduku lake, alivaa mitali yote miwili, akatoka mapema kuelekea Frere Town ili amuwahi wifi yake. Ibtihal alifungua mlango akiwa amekwisha kuvaa buibui, na nyuma yake ukumbini wanawake wawili wanatafuta viatu vyao.

"Kosa ni langu, wifi," Kuluthum akasema. "Mtali mmoja ni wa shaba, niliununua hivyo mimi, sikuupima. Nisikilize, kisha unitukane."

Akapandisha buibui kidogo, akavuka ukumbi taratibu, mitali ikigongana, akafika ukutani, akageuka. Ibtihal alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea chini.

"Hebu tembea tena," akasema.