Nilisubiri Waitikie

Sijamwambia mtu yeyote: leo nimefanya usaili wa shule ya bweni ya muziki, mjini Shinyanga.

Baba anadhani nilikwenda mnadani Mhunze. Yeye anataka nisomee uuguzi.

Mwalimu, akiwa ameketi na wenzake wa usaili, akasema, "Imba chochote, binti."

Nikaimba wimbo wetu wa kulima pamba. Mstari mmoja, nikanyamaza. Si mnajua, shambani wengine huitikia?

Mwalimu akanitazama.

"Umesahau?"

"Hapana, mwalimu. Nawasubiri."

Wakacheka. Nikatamani kutoka.

Ndipo mama mpishi wa shule, aliyekuwa nje ya dirisha akichambua mchele, akaitikia kwa sauti nzito. Nikaimba mpaka mwisho.

"Januari uje na godoro lako," mwalimu akasema.

Baba nitamwambia mwenyewe Jumapili. Mkikutana naye njiani, mpeni shikamoo tu, mpite.