Mustang Yangu Imeombewa Iondoke

Jameni, leo nimeletewa msaada hapa kwangu Missouri City!

Mama amekuja kunitembelea kutoka Nakuru. Jana akaiona Mustang yangu ya 1968, gari ya zamani ya kifahari, ile naitengeneza pole pole, haina hata rangi. Akalia. "Kumbe mtoto wangu anateseka Amerika na hasemi!"

Akapigia watu wa kanisa langu la hapa.

Leo wamefika na pilau, pastor mbele. Akaweka mkono kwa boneti, akaomba Mungu aniondolee hiyo gari kuukuu, anipe Camry mpya.

Wote: Amina! (Isipokuwa mimi.)

Kisha akaniambia niiwashe, asikie tu.

Nikawasha. Madirisha ya jirani yakatetemeka.

"Hebu shuka kidogo," pastor akasema, akashika usukani.

Pilau imeisha. Pastor hajarudi.

Mkimwona huko mitaa ya Alief, mwambieni hiyo gari mafuta ni kidogo.

Mama ananiuliza, "Sasa huyu naye ataombewa na nani?"