Kufuli la Chumba cha Nyuzi

Katika nyumba ya mwalimu hapakuwa na mlango uliofungwa. Bafuni palikuwa na pazia, jikoni pazia, na mlango wa mbele uliegemezwa jiwe usiku na mchana. Wezi waliwahi kuingia wakachukua redio, wakarudi tena kuchukua pasi, na bado baba yake akasema waachwe, hewa ni bora kuliko pasi. Majirani walisema mzee ana kifua. Mwalimu alikua akiamini hivyo hivyo, na tangu usichana wake alizoea kuoga haraka huku amekanyaga ncha ya pazia.

Sasa alikuwa mtu mzima, mjane, sauti yake ya chini, viatu vyake vya mpira. Alifundisha historia katika sekondari ya pale mjini na wanafunzi walimwita Bi Kitu. Jina hilo alilipata kwa ile pasi. Mwaka wake wa kwanza kazini, darasa lilipokuwa likisinzia juu ya wafalme wa nchi za mbali, alikuja na pasi ya mkaa ya marehemu mama yake, akaiweka mezani, akakaa kimya.

"Ni ya nini, mwalimu?" wakamuuliza.

"Mimi sijui kitu. Iulizeni yenyewe."

Wakaishika, wakainusa, wakaigeuza. Kipindi kilipokwisha walikuwa wamegundua kwamba mwenyewe alitumia mkono wa kushoto, kwamba mpini uliwahi kuungua ukafungwa waya, na kwamba huyo mtu hakuwa na uwezo wa kununua nyingine. Mwalimu alikwenda chooni kulia kidogo, kisha akarudi na kuandika ubaoni: Kitu kwanza, mdomo baadaye. Ikawa ndiyo sheria. Kila mwaka wanafunzi walileta vitu vya nyumbani kwao, majembe, picha, bakuli zilizotobolewa, na hapana aliyeruhusiwa kusimulia habari za kitu mpaka wenzake wamekwisha kukishika. Wezi walipoiba ile pasi, alisema tu kwamba somo lake la kwanza limeondoka.

Kitu kimoja hakukigusa. Kutoka dirishani mwa darasa lake ulionekana mnara wa moshi wa kiwanda cha kusokota nyuzi, kilichoungua yeye akiwa bado mtoto wa kubebwa. Meza yake aliigeuza akaupa mgongo. Getini pa kiwanda palikuwa na bamba la shaba lililosema kwamba wafanyakazi wa zamu ya usiku walikufa kwa kukanyagana wenyewe, ilhali mlango ulikuwa wazi. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi usiku ule. Aliyasema mbele ya wakubwa, na mtaani hakuacha kuyasema: mlango wa chumba cha nyuzi haukuwahi kuwa na kufuli, mtu aliusukuma kwa kidole, lakini watu wakishikwa na hofu hugeuka ng'ombe. Waliofiwa walizika na aibu yao juu.

Mwaka huu msichana mmoja mwembamba, waliyemwita Kimbaumbau, alileta kitu kimefungwa kwa kitambaa. Alipokifungua, kilikuwa kufuli kubwa kama embe, jeusi kwa moto, limefungwa.

Likazunguka darasa zima. Upande mmoja chuma kilikuwa cheupe zaidi, alama ya pete za mlango zilizokikinga na moto.

"Lilikuwa mahali pake," mmoja akasema. "Liliungua likiwa linaning'inia."

"Ila halina tundu la ufunguo," akasema mwingine, kijana mropokaji waliyemwita Redio. "Labda lilifunguliwa kwa dua."

"Wewe ungelifungulia kwa mdomo," wakamwambia.

Walilitafuta hilo tundu kipindi kizima. Mwalimu naye alijaribu akashindwa. Kimbaumbau ndiye aliyelijua, na akangoja zamu yake kama sheria ilivyotaka. Alibonyeza kitako cha kufuli kwa kidole cha mwisho, na papo hapo akasukuma ubavu kwa gumba. Kipande kidogo kikateleza, tundu likaonekana.

"Bibi yangu alitumia miezi kuligundua," akasema. "Sasa naruhusiwa kusimulia?"

"Simulia."

"Mdogo wake alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Alfajiri bibi akaenda kumtafuta. Mlango wa chumba cha nyuzi ulikuwa umeungua, zimebaki pete na hili. Akalichomoa kwenye jivu akalificha ndani ya khanga. Baadaye waliposema hapakuwa na kufuli, aliogopa kulitoa. Amefariki nalo liko chini ya kitanda."

Kisha Kimbaumbau akasema, bila ukali wowote, "Mwalimu, wewe hutufundisha kwamba kitu kimoja hakitoshi, tutafute na shahidi. Shahidi aliyebaki ni mmoja tu. Tunaweza kuja kwako kumwona babu?"

Mchana ule mkuu wa shule alimwita ofisini, akafunga mlango, na mwalimu kama kawaida yake akahisi jasho mgongoni.

"Dada yangu," akasema mkuu, "mwambie yule binti abadili mada. Aandike habari za soko. Soko nalo si historia?"

"Ni historia."

"Sasa? Mzee wako amebakiza siku. Mwache apumzike na heshima yake."

"Na wale waliobandikwa kwenye shaba?"

"Hao hawasikii tena."

Mwalimu aliangalia mikono yake. Angekubali, lingekuwa jambo rahisi, na hapana mwanafunzi ambaye angemlaumu waziwazi. Lakini alijua kwamba kesho akisimama mbele yao na kuwaambia washike kitu wakiulize, sauti ingemkwama. Hakuwa na elimu nyingine zaidi ya sheria ile moja. Akasema watakuja Jumamosi.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mlango wazi, macho yake yamekwisha kuingiwa na ukungu kabisa. Wanafunzi watano waliingia wakimwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mko wangapi? Maana nasikia kwato nyingi."

"Mmoja wetu ni mwembamba, babu, hesabu nusu," akasema Redio, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu alisimama jikoni, nyuma ya pazia, akiwa ameshika sufuria tupu.

Wakamwuliza habari za kiwanda. Akasimulia vizuri, jinsi pamba ilivyoruka hewani kama manyoya, jinsi wasichana walivyoimba kushinda mashine. Wakamwuliza habari za mlango.

"Ulikuwa wazi. Nimelisema hili mpaka ulimi umeota sugu. Haukuwa na kufuli. Unasukuma kwa kidole."

"Hata wasimamizi walipoogopa uzi kuibiwa, hawakuwahi kuufunga?"

"Hata siku moja."

Kimbaumbau akapiga magoti mbele yake. "Babu, nina kitu hapa. Kwetu darasani tunashika kwanza, ndipo tunasema. Utakishika?"

Mzee alinyoosha viganja akitabasamu, kama mtu anayepewa tunda. Kufuli likatua.

Mikono yake haikulipapasa. Wa kushoto ulilipokea tumboni, kidole cha mwisho kikabonyeza kitako, gumba likasukuma ubavu, tundu likafunguka kwa mlio mdogo. Na mkono wa kulia ukashuka wenyewe hadi kiunoni, mahali ambapo walinzi huning'iniza funguo, ukatafuta pale, ukakuta shati tu.

Tabasamu bado lilikuwa usoni pa mzee, limesahauliwa pale.

"Zito," akasema hatimaye. "Hili si la kwetu. Sijapata kulishika."

"Asante, babu," akasema Kimbaumbau, na akalichukua taratibu kutoka viganjani mwa mzee.

Mwalimu aliwasindikiza hadi njiani. Redio alitembea akiangalia vidole vya miguu yake.

"Tuandike nini, mwalimu?" akauliza Kimbaumbau.

"Andikeni alichosema, neno kwa neno. Kisha andikeni mikono yake ilivyofanya. Yote mawili, msipunguze."

"Na yeye tumtaje vipi?"

Lori la mchanga likapita. Alingoja vumbi litulie.

"Mlinzi wa zamu ya usiku ule. Na muandike kwamba ni baba wa mwalimu wenu, na kwamba mwalimu alikuwepo, nyuma ya pazia. Atakayesoma lazima ajue nani alikuwa karibu."

Kimbaumbau akakaza kitambaa juu ya kufuli. "Bibi alisema mdogo wake hakuwa mtu wa kukanyaga watu."

"Hakuwa," akasema mwalimu. Alitaka kuongeza neno la pole, akaona kila alilolishika ni jepesi.

Aliporudi ndani baba yake alikuwa bado kitini, mkono wa kulia kiunoni.

"Wameondoka?"

"Wameondoka, baba."

"Yule wa kufuli. Ni mtoto wa nani?"

"Mdogo wa bibi yake alikuwa chumba cha nyuzi."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Nje watoto walikuwa wakicheza, jua bado halijazama, joto la mchana limejaa ukutani.

"Funga mlango, mwanangu," akasema. "Nasikia baridi."

Mwalimu hakuwahi kuyasikia maneno hayo katika nyumba ile. Aliondoa jiwe, akauvuta mlango, lakini mbao zilikuwa zimevimba kwa miaka ya mvua na bawaba zimeliwa na kutu. Ukakwama kwenye fremu.

"Umefunga?"

"Haufungi, baba."

"Sukuma."

Akaweka bega, akasukuma. Nyuma yake mzee aliacha kupumua ili asikilize, na kwa kitambo nyumbani mle hapakuwa na sauti nyingine ila ya mtu aliye ndani, akisukuma mlango.