Kengele ya Dripu Niliyoipeleka Mnadani

Mimi ni fundi baiskeli wa Busia, upande wa Uganda, na mdomo wangu haujawahi kunitakia mema. Dada yangu alipolazwa Tororo nilikaa naye wodini, nikaona nesi mmoja anavyokimbizana na dripu za wodi nzima. Dada alilala, nami nikasinzia. Tulipozinduka mfuko ulikuwa mkavu na damu yake imepanda kwenye mrija. Nesi wa watu hakuwa na kosa, ila nilimfokea hata hivyo.

Niliporudi kibandani nikatengeneza kengele. Ndoano ya kuning'inizia mfuko, springi laini ya breki, kinyundo, na kengele ya baiskeli. Mfuko ukiwa umejaa, springi inavutika. Maji yakipungua inajikunja kidogo kidogo, na yakikaribia kuisha inaachia kinyundo, kengele inalia. Haitaki umeme wala betri. Niliijaribu nyumbani mpaka mke wangu akatishia kuitupa kisimani. Nilitaka jambo moja tu: hospitali za serikali ziinunue kwangu, na ijulikane kuwa ni yangu.

Sasa, kwetu kitu cha kwanza hakikai nyumbani. Mahindi ya kwanza, kuku wa kwanza, hata kiti cha kwanza cha seremala, vyote vinapelekwa kanisani siku ya shukrani, na baada ya ibada vinapigwa mnada. Basi na mimi nikabeba kengele yangu ya kwanza. Ikawekwa mezani kati ya jogoo aliyefungwa miguu na mkungu wa matoke.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliigeuza geuza. "Fundi, hii kitu ni ya nini? Eleza watu, bei ipande."

Ungeniona siku hiyo! Niliifungua yote. Nikaonyesha springi ni ya wapi, inakunjwa vipi, kinyundo kinakaa pembe gani. Simu zikainuliwa kunipiga picha, na mimi nikazidi kupaza sauti ili wa nyuma wasikose. Mgeni mmoja kutoka upande wa Kenya, shati limepigwa pasi vizuri, ndiye aliyeshinda mnada. Nilimpa mkono kwa mikono yote miwili na kumwombea baraka. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Muda ulipita nikiboresha kengele. Ndipo mteja mmoja akanishauri nisiiuzie serikali kabla sijapata hataza, ile haki inayomzuia mtu mwingine kuiga ulichobuni. Nikamwendea mwanasheria wa Tororo, kijana mpole mwenye miwani.

"Mzee, umeshaonyesha watu hii kitu? Umeshauza?"

"Bado," nikasema, tena kwa kiapo. Wala sikuona kwamba nadanganya. Kwangu mimi, ulichomtolea Mungu hukukiuza, na ulichokionyesha kanisani umemwonyesha Mungu, si watu.

Siku ya wauzaji kuonyesha vifaa vyao mbele ya kamati ya afya ya wilaya, tulikwenda pamoja, mwanasheria amebeba faili la maombi ya hataza na mimi nimebeba kengele ndani ya kitambaa. Tulipoingia niliiona kengele yangu mezani. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, imelala ndani ya boksi zuri, na pembeni yake amesimama yule mgeni wa shati la pasi.

"Mwizi! Huyu mwizi!" Nilikuwa nimeshamshika ukosi kabla watu hawajanishika mimi.

Wala hakukasirika. Alinyoosha ukosi wake. "Mzee, pole. Sikuiba. Niliinunua kwa mnada mbele ya kanisa nzima, na ni wewe ulitufunza vile inafanya kazi." Akaweka simu mezani.

Sauti yangu ikajaa chumba. "Mnaona hapa? Ni rahisi! Hata mtoto anaweza kutengeneza!" Kwenye ile video watu walicheka na kunipigia makofi. Mle chumbani hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kitambaa changu mkononi.

Nje, mwanasheria alifuta miwani yake kwa muda mrefu. "Ungeniambia, mzee. Sheria inasamehe mtu aliyetangaza ubunifu wake mwenyewe, akiwahi kuomba hataza ndani ya mwaka. Wewe umekaa mavuno mawili, mwaka umeshapita. Sasa mtu yeyote anaweza kutengeneza hii kitu, na hatuna la kumfanya."

"Nilidhani kanisa si soko."

"Mnada ni soko, mzee."

Nyumbani mke wangu aliuliza kama wameichukua. Nikamwambia bado wanafikiri. Nilihamia benchi la nyuma kanisani, na siku ya shukrani ilipofika tena nikasema mgongo unaniuma. Haukuwa mgongo. Niliogopa mtu ataniuliza habari za kengele.

Wilaya ilinunua za yule bwana. Sina haki ya kumlaumu, na ningekuwa nayo pengine nisingeona aibu namna hii.

Mwezi uliopita hospitali ya serikali iliyo karibu nasi ilinituma mtu. Kengele zao zimekwama, na fundi wa springi wa karibu ni mimi. Nilikwenda na koleo langu. Nikazilainisha moja moja, nesi akiwa ameniinamia kwa hamu. Alipojaribu ya mwisho ikalia vizuri, na mgonjwa kitandani akatabasamu.

"Hii kitu imetusaidia sana," nesi akasema. "Zamani tulikuwa tunakimbia usiku mzima. Huyo mtu alitengeneza hii ana akili kweli. Fundi, unamjua?"

Koleo lilikuwa bado mkononi mwangu.

"Simjui," nikasema.