Shuka Jeupe Mbele ya Sanduku

Umulkheir alikuwa na pua, na pua hiyo ilikuwa mtihani aliopewa na Mungu. Angezaliwa hajui kunusa, angekaa mtaani kwake Kamwokya kwa raha zake. Lakini wapi. Kila asubuhi akifungua mlango tu, uvundo unamsalimia kabla ya jirani, na ulitoka mahali pamoja, kwenye Sanduku.

Sanduku ni kontena la chuma lililojaa betri. Watu wa mradi wa umeme walilitua katikati ya uchochoro, likatazamana na mlango wake. Mchana linajaza umeme kutoka kwenye paneli za jua zilizotandazwa juu ya paa la soko. Umeme wa mjini ukikatika, na pale kukatika ni jambo la kawaida, Sanduku linazigawia nyumba zote za uchochoro. Siku ya kulizindua alichinjwa mbuzi, shehe akasoma dua. Ungedhani watu watalitunza. Thubutu. Walevi wa kilabuni kwa Concy, mama muuza pombe wa jirani, wakishashiba nguruwe wao wanakuja kukojoa kwenye pembe yake. Nepi za watoto zinasukumiwa chini yake. Na huko nyuma, linapotema hewa ya moto, jirani yake Adoch, muuza samaki, amegundua kwamba mukene, wale dagaa wa ziwani, wanakauka upesi kuliko juani. Ametandika magunia chini, amewamwaga, na hewa ile inazoa harufu yao yote na kuileta kwa Umulkheir. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Wachafu hawa," alikuwa akimwambia mumewe. "Mtu anapewa neema, anaifanya choo. Na ukisema, unaambiwa unaringa."

Mumewe, Maalim Abdulghani, alikuwa anacheka kidogo kidogo, maana kicheko nacho kinataka pumzi. Alisomesha Kurani watoto wa Kamwokya mpaka baadhi yao wakamletea watoto wao. Sasa mapafu yalikuwa yamechoka. Alilala karibu na dirisha, mipira imeingia puani, na kando yake mashine ya hewa inanguruma. Mashine ile bila umeme ni stuli tu. Kabla Sanduku halijaja, umeme ulipokatika Umulkheir alimpakia kwenye boda, akamkumbatia kwa nyuma asidondoke, wakakimbilia hospitali huku midomo yake imegeuka rangi ya jivu. Mara ya mwisho daktari alisema safari nyingine ya namna ile Maalim hataimaliza. Kwa hiyo Umulkheir alilipenda Sanduku kuliko mtu yeyote pale, na kwa sababu hiyo hiyo aliona kinyaa kwa walivyolifanya.

Ijumaa moja wifi yake Shamim, anayekaa Makindye, alituma salamu kwamba baada ya swala angekuja na jamaa kumjulia mgonjwa hali. Shamim ni wa kuogopwa. Akiingia nyumba ya mtu anaangalia uvunguni kwanza, salamu baadaye. Umulkheir alisugua sakafu, akabadilisha foronya, akafukiza udi mpaka Maalim akakohoa akamwomba apunguze. Kisha akasimama mlangoni atazame kile ambacho Shamim angekiona. Akaona ukuta wa Sanduku: tope lililorukia na mkojo, mapovu yaliyokauka, wavu mpana uliojaa manyoya ya kuku na karatasi za nailoni.

Akaingia ndani, akafungua kasha, akatoa shuka jeupe la pamba nzito alilorithi kwa mama yake. Halikuwahi kulaliwa na mtu asiye wa heshima. Akalipiga pasi, akafunga kamba juu ya Sanduku, akalitundika likafunika ukuta wote. Na jamani, shuka lile likanata lenyewe kwenye chuma. Likatulia tuli bila kibanio, likanyooka, wala upepo haukulitikisa. Umulkheir akarudi nyuma akalitazama, moyo ukamtulia. Kitu safi hakina taabu, akajisemea.

Shamim alikuja, akalitazama shuka, akalitafutia kasoro asiione. Wakala sambusa, wakanywa chai ya tangawizi. Katikati ya maongezi umeme wa mjini ukakatika. Mashine ya Maalim ikapiga mlio mmoja ikaendelea, kwa sababu Sanduku lilikuwa limepokea. Shamim akasifu. Ilikuwa mara ya kwanza kusifu kitu katika nyumba ile, na Umulkheir aliwasindikiza wageni akiwa amenenepa kwa fahari.

Alikuwa anaosha vikombe aliposikia ngurumo imekoma. Mashine ikaanza kulia kilio chake cha kukosa umeme.

Akampigia simu Wanyama, fundi Mkenya anayelihudumia Sanduku. "Mama, naliona hapa kwa simu," Wanyama akasema. "Limepata joto sana, limejizima. Kuna kitu kimeliziba, halivuti hewa. Mimi niko Wandegeya na barabara imefunga. Toeni hicho kitu, likipoa litajiwasha."

Kitu gani tena, kama si kile anachokisemea kila siku? Umulkheir alizunguka nyuma mbio, akapiga teke gunia, mukene wakatawanyika kwenye matope. Adoch alikuwa amechuchumaa pale akiwageuza.

"Unaniulia mume wangu," Umulkheir akamwambia. "Kwa samaki wako wanaooza. Unanuka wewe, wananuka wao, na sasa mnaua."

Adoch ni mjane wa askari, Kiswahili alikiokota kambini. Aliinuka, akaweka kiganja kwenye wavu wa nyuma.

"Hajati, hapa inatoa hewa. Samaki yangu iko chini, haifungi kitu. Pahali inavuta ni mbele. Kwa mlango yako."

Wakazunguka pamoja. Shuka lilikuwa limelegea sasa, Sanduku limeacha kulivuta. Katikati yake vumbi lilikuwa limechora wavu mzima, tundu kwa tundu, nyeusi kwenye nyeupe. Umulkheir alilinyakua kutoka kwenye kamba. Kile kinyaa anachokijua kilimpanda, na safari hii hakikuwa na mtu wa kumwangukia ila yeye.

Adoch alikuwa ameshachukua ungo wa mukene, anapepea mbele ya wavu kwa mikono miwili. Alimwita Concy kwa sauti ya kambini. Concy akatoka na sinia, na nyuma yake wakaja walevi wake, walewale wa kukojoa pembeni, na vifuniko vya sufuria na maboksi, wakapepea. Mmoja alikuwa hajafunga zipu.

Umulkheir akakimbia ndani. Alimkalisha Maalim, akamwegemeza kifuani kwake. Midomo ilikuwa imeshageuka jivu. Alitaka kumwambia ni mimi, akashindwa. Alibaki kumsugua mgongo na kusoma anachokikumbuka, na anachokikumbuka kilikuwa kifupi. Nje vifuniko vilikuwa vinagongana.

Kisha mashine ikapiga mlio, ikanguruma.

Ilichukua muda Maalim kupata sauti. "Mukene," akasema.

"Nini?"

"Nasikia harufu ya mukene. Fungua dirisha vizuri, Umu."

Akafungua. Uvundo wote ukaingia kwa pamoja, samaki, mkojo, nepi, jasho la wale waliokuwa bado wanapepea. Umulkheir akageuka pembeni, akatapika ndani ya shuka la mama yake, ambalo hakujua kwamba alikuwa bado amelishika. Akajifuta mdomo kwa ncha iliyobaki safi. Akaenda kufungua na dirisha la pili.