Siku Baba Aliponituma Niseme

Mwaka niliokuwa kidato cha tatu pale Ilongero, baba alipooza upande mmoja. Akili ilibaki nzima, ila ulimi ukawa mzito. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlisha uji wa uwele, na kwa kumlisha nikazoea kumwelewa kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Jumamosi moja wakaja wazee kutoka Mkiwa kumposa dada yangu, aliyekuwa akisomea uuguzi. Baba mdogo alikwishavaa koti, tayari kusema badala ya kaka yake. Baba akatikisa kichwa, akaninyooshea mimi ule mkono wake mzima.

"Kaka, huyu ni mtoto," baba mdogo alisema. "Tena wa kike. Watu watatuonaje?"

Baba hakushusha mkono.

Nikawaamkia wageni shikamoo, nikapiga magoti kando ya kiti cha baba. Alisema kwa Kinyaturu, maneno machache, jasho likimtoka. Nikayarudia kwa Kiswahili: "Baba anasema posa ameipokea kwa moyo mweupe. Ila binti amalize chuo kwanza, ndipo aolewe."

Mzee wao akamgeukia baba. "Maneno haya ni yako, mzee mwenzangu?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Basi tumesikia."

Wakanywa chai. Baba mdogo aliondoka bila kuniaga.

Jumatatu mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno *depute*. "Ni kumpa mtu mamlaka aseme au atende kwa niaba yako," akaeleza. "Nani atatunga sentensi?"

Nilisimama kabla sijafikiri. "*My father deputed me.*"

"Ufanye nini? Sentensi haijaisha."

Nilitaka kusema kwamba baba alinituma nimsemee, ila Kiingereza changu kiliishia hapo. Nikakaa. Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka, aliiandika ubaoni vilevile, akaacha nafasi mwishoni mwake.

Baba alifariki kabla mvua hazijakatika. Dada alimaliza chuo, akaolewa msimu wa kuvuna alizeti. Siku ya harusi baba mdogo ndiye aliyesimama mbele ya wageni kumkabidhi, na alizungumza vizuri, kwa upole. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, tukipakua pilau. Hakuna aliyekuja kuniita, wala sikutarajia. Nilipomsikia akitaja jina la baba niliweka upawa chini, nikasikiliza mpaka alipomaliza.