Nilimfuta Mama Tumpe Kwenye Zamu ya Mtamba

"Kompyuta haina roho mbaya, jamani. Aliyemfuta Mama Tumpe ni Shangazi, kwa mkono wake!"

Lusajo huyo, mbele ya kikundi kizima cha maziwa. Mtoto wa kaka yangu, niliyemlea mwenyewe!

Na ni kweli, nilimfuta. Sikatai. Nimeishia darasa la nne, lakini dhambi yangu naijua.

Kwenye kikundi chetu hapa Kisondela mtamba hanunuliwi. Ng'ombe wako akizaa jike, unamlea mpaka awe mtamba, unampeleka kwa mwenye zamu. Serikali ilipofungulia watu binafsi biashara, wanunuzi binafsi wa maziwa wakaja, kikundi kikapata kompyuta. Lusajo akarudi kutoka Dar, akatuandikia programu kwa Java, lugha ya kuamuru kompyuta. Zamu akaiweka humo kwenye orodha: Mama Tumpe, mjane, wa kwanza, mimi nafuata. Kazi ya kuingiza majina akanipa mimi.

"Naogopa kuharibu," nikamwambia.

"Shangazi nawe! Nimekuwekea orodha nyingine ya majaribio. Chezea hiyo, ongeza, futa. Ya zamu haiguswi."

Tamaa jamani! Siku moja nikamfuta Mama Tumpe kwenye majaribio, nione tu nikiwa wa kwanza nakaaje. Nikacheka peke yangu. Nikafungua ya zamu: Mama Tumpe hayupo!

Nikamkimbilia Lusajo. Akatazama, akakuna kichwa. Kumbe orodha ya pili hakuwahi kuiunda! Alitakiwa aandike lile neno la waandika programu, "new", orodha mpya izaliwe, ndipo majina yanakiliwe humo. Yeye kaandika majaribio = zamu, basi. Ni kama ng'ombe mmoja kumpa majina mawili, Malaika na Neema. Ukimchinja Malaika, Neema atabaki wapi?

"Mrudishe mama wa watu," nikasema.

"Nikimrudisha watajua nimekosea. Nyamaza, Shangazi. Mtamba anakuja kwako, unataka nini tena?"

Nikanyamaza! Hapo ndipo nilipooza.

Mtamba akaletwa. Mama Tumpe akaja na mzigo wa majani ya kumlisha. "Hongera, dada. Labda zamu nilihesabu vibaya mimi."

Watu wakaanza kuulizana. Mwenyekiti Ambakisye akaitisha kikao, na Lusajo akaniuza kama mlivyosikia. Ile "majaribio = zamu" yake hakuitaja hata kidogo. Nikafukuzwa kikundini, mtamba akaswagwa mchana kweupe.

Mnadhani alipelekwa kwa Mama Tumpe? Thubutu! Alikwenda kwa shemeji yake Ambakisye, ambaye kwenye zamu hata hakuwa karibu.

Wenzangu, ukiambiwa "hii nakala tu", uliza kwanza kama nakala imezaliwa kweli. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, hata kama aliyekwambia unyamaze ni damu yako!

Mimi nimeshasema langu. Sasa wewe Lusajo, na wewe Ambakisye, simameni mbele ya watu wale wale mjibu: kama mwizi ni mimi peke yangu, mtamba wa Mama Tumpe anafanya nini kwa shemeji?